Elfu Thelathini na Thelathini na Moja

Lomoro alirudi Koboko kutoka kambi ya wakimbizi Sudan mwaka 1986, bila cheti wala blanketi. Kichwani alikuwa na kanuni moja. Zidisha namba tasa kwa kufuatana, mbili, tatu, tano, mpaka utakapochoka, kisha ongeza moja: utapata namba tasa nyingine, isiyogawanyika ila kwa moja na kwa yenyewe. Alifundishwa Arua na Mwalimu Ondoga, kabla ya vita. Kambini alikuwa akizidisha mchangani ili asiwaze mengine.

Alipopata kazi ya ualimu, akaifundisha. Siku alipozidisha mpaka kumi na tatu, akaongeza moja na kupata 30,031, mwalimu mwenzake Eyotaru alimfuata nje ya darasa.

"Namba yako inagawanyika. Hamsini na tisa mara mia tano na tisa."

"Haiwezekani."

"Gawanya mwenyewe."

Akagawanya. Hakikubaki kitu. Akagawanya tena.

Jumamosi alipanda lori mpaka Arua. Mzee Ondoga alikuwa akipalilia mihogo, akamsikiliza bila kuweka jembe chini.

"Sikusema itakuwa tasa," alisema. "Nilisema haigawanyiki kwa zile ulizozidisha, maana kila moja itabakiza moja. Basi kama si tasa, inagawanyika kwa tasa nyingine. Hamsini na tisa uliizidisha?"

"Hapana. Lakini mwalimu, nilikusikia kwa masikio yangu."

"Labda ulisikia. Mimi sikusema."

Ndani ya lori la kurudi, kilichomsumbua hakikuwa namba tena. Mwaka 1980, walipokimbia risasi karibu na Lobule, kaka yake Kamisi alibaki nyuma, akapaza sauti: "Usiningoje." Lomoro hakumngoja. Mmoja aliangukia Sudan, mwingine Zaire, na tangu warudi hawakuwahi kuizungumzia siku ile. Je, kama kaka alisema "Ningoje"?

Hakwenda nyumbani. Alikwenda Midia, akamkuta Kamisi uani akisuka kamba za kitanda.

"Kaka, siku ile ya Lobule, ulisema nikungoje au nisikungoje?"

Kamisi akamtazama. "Mimi nilisema?"

"Ulipaza sauti."

"Pumzi yenyewe sikuwa nayo. Wewe ndiye uliyeita. Nilisikia 'huku, huku', nikafuata sauti yako, nikajikuta Zaire."

"Mimi sikuita."

"Uliita, Lomoro."

Helen, mke wa Kamisi, alileta chakula. Walinawa, wakala. Lomoro alijaribu kueleza habari ya namba, lakini katikati akapotea mwenyewe.

"Lala hapa," Kamisi alisema. "Kesho twende tukapaone."

Asubuhi wakaenda Lobule kwa baiskeli moja, wakipokezana kuendesha. Kamisi aliteremka penye kijito, akasema ni hapa. Lomoro akasema si hapa, ni kule juu penye mawe. Wakapanda mpaka kwenye mawe. Mtu alikuwa amelima simsim pande zote, na njia waliyoikimbia haikuonekana kokote. Walisimama pale kitambo, kila mmoja akitazama upande wake, kisha Kamisi akageuza baiskeli.

"Panda," alisema, "nitaendesha mimi."