Kitenzi cha Kubeba

Jumanne moja ya Mei 1993, Mwalimu Rupert Komba alikwenda Majengo, dukani kwa Kantilal, kununua nusu mche wa sabuni. Akauliza pia mzigo unaitwaje kwa Kigujarati.

"Bhaar," alisema Kantilal huku akikata sabuni. "Pumzi itoke, Mwalimu. Siyo baar."

Mwalimu alikuwa amefundisha Kilatini seminarini mpaka alipopunguzwa kazi. Tangu hapo alitafuta vitenzi vya lugha iliyozaa Kilatini, Kijerumani na Kigujarati, ambayo wasemaji wake hawakujua kuiandika. Kazi yake ilikuwa kulinganisha: kile walicho nacho wajukuu wote, bibi alikuwa nacho. Jioni hiyo aliandika *bher* nyuma ya karatasi ya kalenda, akatanguliza kinyota, alama ya neno ambalo hakuna aliye hai aliyewahi kulisikia. Kisha akalitamka.

Mkewe, Notburga, alikuwa akiingia uani na ndoo ya maji kichwani. Ndoo ikainuka kidogo juu ya ngata, ikatulia.

"Baba Hilda, umesema nini?"

"Kubeba."

"Hebu sema tena. Shingo imeacha kuuma."

Pampu ya mtaa ilikuwa imekufa mwaka wa tatu sasa. Wanawake walichota mto Luhira, na kurudi ni kilomita tatu za kupanda. Daktari alikuwa amemwambia Notburga achague kati ya ndoo na shingo. Matumaini yao yalikuwa injini moja mpya ya pampu, ya kamati ya maji, na mtaa wao ulikuwa wa kwanza kwenye orodha.

Kufikia Jumapili mtaa mzima ulikuwa umejifunza. Adela, jirani yao, alikosea pumzi mara mbili akalowa. Ya tatu ikakubali. Baada ya misa walipanda kutoka mtoni wakizungumzia bei ya mahindi, ndoo zikielea juu ya vitambaa vyao. Mwalimu alifurahi mpaka machozi yakamtoka. Miaka yote ile, elimu yake haikuwa imemsaidia mtu hata mmoja.

Jumatano alikuja Mathias, mwenyekiti wa kamati.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba."

Alimwomba Notburga atamke, akainua ndoo iliyojaa kwa kidole kimoja, akaishusha na kufungua daftari.

"Mtaa huu hauna shida ya mzigo," alisema huku akiandika. "Wapo wenye shida zaidi."

Injini ilifungwa kwenye gesti mpya, mkabala na duka la Kantilal. Ilimwagilia maua asubuhi na jioni.

Mwalimu aliona aibu, akataka kuichana ile karatasi. Notburga akamshika mkono.

"Iache, shingo yangu imepona."

Kesho yake Notburga aliondoka alfajiri kama kawaida. Jua lilikuwa limeshapanda aliporudi na kutua ndoo isiyo na uzito. Akakaa kizingitini, akavua kandambili, akaitazama miguu yake iliyovimba.

"Baba Hilda," aliuliza, "hao watu wako wa zamani, kutembea walisemaje?"

Mwalimu akachukua kofia, akaenda kwa Kantilal.