Mraba Uliogeuka Mweusi

Asubuhi Nesi Irene alikuta kasha la chanjo halipo pale kwenye kona ya baridi alipoliacha. Jana alipanda nalo mlima kwa miguu kutoka zahanati ya Bigwa, akalala kwa Bi Pili, bibi anayesikilizwa na kijiji kizima. Sasa alilikuta jikoni, kando ya mafiga, limefunikwa kanga. Barafu ilikuwa imegeuka maji ya moto.

"Bibi, nani kalileta huku?"

"Mimi, mwanangu. Lilikuwa la baridi mno! Mtoto mchanga unampaje kitu cha baridi? Hata maji ya kuoga tunamkanzia."

Irene akatoa kichupa cha matone ya polio. Kwenye karatasi iliyobandikwa juu yake kuna mraba mdogo wa rangi inayogeuka nyeusi ikipata joto. Jana ulikuwa mweupe. Leo ulikuwa mweusi kuliko duara linalouzunguka.

"Dawa imekufa, bibi."

Uani walikaa kina mama kumi na wawili na watoto wao. Miaka yote walikuwa wakiikimbia chanjo. Mdomo wa Bi Pili ndio uliowatoa majumbani.

"Wape tu," Bi Pili akanong'ona. "Nani atajua?"

Ingekuwa rahisi: matone mawili mawili, kila mtu aende zake na furaha. Kupitia mlangoni Irene alimwona mtoto wa Mwanvita, mmoja wa wale kina mama, akinyonya ngumi.

"Watajua wamekingwa, bibi. Kumbe hawajakingwa."

Bi Pili akakichukua kichupa. Akaukwangua ule mraba kwa ukucha, kama weusi ule ungebanduka. Haukubanduka. Akajifunga kanga vizuri, akatoka uani.

"Jamani, dawa nimeiua mimi. Nimeikanza motoni."

"Ungetia na chumvi kabisa!" mmoja akadakia. Wawili watatu wakacheka, kisha kicheko kikakatika chenyewe.

Mama mmoja, Rehema, akasimama, akambeba mwanawe mgongoni. "Jana ulituapia dawa ni nzuri. Leo unasema imekufa. Kesho utasema nini?" Akaondoka, na wengine wakamfuata. Bi Pili hakuwaita.

Walibaki watano. Mwanvita akamgeukia Irene.

"Nyingine lini, nesi?"

"Alhamisi. Nitaileta mwenyewe."

"Nitakuja. Ila kasha lilale kwangu."

Hakumtazama Bi Pili wakati anasema hivyo.

"Lilale kwako," Bi Pili akajibu, sauti haifiki hata mlangoni.