Rais Aliyeshuka Mombasa Bila Urais

Dkt. Kwamboka, mhadhiri wangu wa historia huko nyumbani, hana maneno mengi. Barua pepe yake ilikuwa na sentensi tatu, na zote tatu zilinichoma. Kwanza, insha yangu kuhusu urithi wa marais watatu wa Marekani, Roosevelt, Taft na Wilson, ilikuwa na kosa ambalo hata mtoto wa kidato cha pili hangelifanya. Pili, alikuwa na shaka kama niliiandika mwenyewe. Tatu, nijitokeze kwa video Alhamisi saa tatu asubuhi niitetee kwa dakika ishirini; nikishindwa, nimeanguka somo, na mahafali ya Desemba yatafanyika bila mimi.

Miaka sita, jamani! Miaka sita ya kusomea kwenye simu, kitanda cha juu, chumba cha wanawake sita pale Al Mansoura, huku nchi ya Kiarabu, nikitoka kusimama kwa muda wa saa kumi na mbili kwenye mapokezi ya mnara wa ofisi huko West Bay. Mimi ni mlinzi. Shule moja ya wasichana karibu na Kapsabet imeniahidi kazi ya kufundisha historia nikifika Januari na shahada mkononi. Bila shahada, nitatia sahihi mkataba mwingine wa miaka miwili wa kuwakaribisha watu wasionitazama usoni.

Kosa lenyewe ni hili. Niliandika kwamba mwaka 1909 Rais Roosevelt alikuja kwetu kuwinda, na kwamba baba wa babu yangu, arap Sitienei, alikuwa mmoja wa wapagazi wake, akibeba chumvi ya kuhifadhia ngozi za wanyama. Ndivyo bibi alivyonisimulia. Sikuangalia tarehe kwa sababu sikuona cha kuangalia. Niliangalia baada ya ile barua pepe. Roosevelt alitoka madarakani Machi 1909. Alishuka Mombasa Aprili. Rais wakati huo alikuwa Taft! Nilijiita mjinga kwa sauti, hata Milka wa kitanda cha chini akauliza kama ninamtukana yeye.

Lakini kosa hilo lina kwao. Kijijini petu mtu akishakuwa chifu, ni chifu mpaka kaburini. Jirani yetu alistaafu mwaka 1988, na hadi leo hata mbuzi wake ni mbuzi wa chifu. Sasa nani angehangaika kumwita Roosevelt rais mstaafu? Bibi alisema rais, nami nikaandika rais.

Benard, supavaiza wetu, alininyima hata dakika kumi za ruhusa. Aliyekubali kunishikia meza kwa siri ni Salim, mlinzi mwenzangu kutoka Tanga. Ila naye hakukosa ushauri.

"Dada Chebet, kwani lazima huyo babu awemo? Futa hiyo sehemu, muombe radhi mwalimu, khalas. Kosa moja haliachi mke."

"Siwezi, kaka Salim."

"Keshakufa huyo. Hatajua."

"Mimi si nitajua? Mkataa kwao ni mtumwa."

"Haya. Benard akija nitasema umekwenda msalani. Dakika ishirini msalani, Mungu anisamehe."

Saa tatu kamili nilikuwa kwenye stoo ya wasafishaji, nimekalia ndoo iliyopinduliwa, sare yangu mwilini, simu nimeiegemeza kwenye galoni ya sabuni. Dkt. Kwamboka alitokea na miwani yake, akaniamuru nizungushe kamera aone kama niko peke yangu. Aliona mafagio. Hakutabasamu.

"Taft aliacha nini?"

"Kesi, Daktari. Alizishtaki kampuni kubwa zilizohodhi biashara, nyingi kuliko alizozishtaki Roosevelt, ambaye ndiye aliyebaki na sifa. Baadaye akawa Jaji Mkuu, kazi aliyoitamani kuliko urais."

"Wilson?"

"Alitaka mataifa yakae meza moja. Lakini kwake nyumbani, serikali yake iliwatenga makarani weusi na weupe, kwingine hadi kwa viambaza. Mimi nawapima kilinzi, Daktari. Langoni hatuandiki mgeni amesema nini. Tunaandika ameingia na nini, na ametoka na nini."

Kwa mara ya kwanza aliinua macho kutoka kwenye karatasi zake.

"Na Roosevelt?"

"Aliacha misitu na mbuga zinazolindwa kwa sheria. Aliacha mfereji wa Panama ukichimbwa, baada ya Panama kumegwa kutoka Kolombia huku manowari zake zikitazama. Na kwetu aliingia na tani nne za chumvi, akatoka na ngozi na mifupa ya maelfu ya wanyama, wakubwa kwa wadogo."

"Akiwa rais?"

"Hapana. Hapo nilikosea. Hakuwa na cheo chochote."

"Basi hoja yako imeanguka."

Mori ukanipanda. Nilikuwa nimejiapiza kuwa mpole, lakini upole wenyewe uliniponyoka.

"Haijaanguka, samahani. Sasa ndiyo imesimama! Mtu asiye na cheo anashuka Mombasa, kaimu gavana anampokea, treni inamwekea kiti mbele ya injini atazame wanyama, watu zaidi ya mia mbili wanabeba mizigo yake. Urais aliuacha Washington, lakini nguvu yake bado ilikuwa inabebwa, na mabega yalikuwa yetu. Simba aliowaua wamehesabiwa mmoja mmoja. Wapagazi wengi hawana hata majina."

Redio ya kiunoni ikakoroma. "Chebet! Uko wapi? Rudi mapokezi sasa hivi!" Ilikuwa sauti ya Benard.

"Unaitwa," alisema Dkt. Kwamboka.

"Nasikia, Daktari."

Nikaizima. Kuzima redio kazini ni barua ya onyo, hakuna mlinzi asiyejua. Liwalo na liwe.

"Ushahidi kwamba arap Sitienei alikuwepo?"

"Karatasi sina. Nina bibi, aliyesikia kutoka kwa mzee mwenyewe, kwa kuwa alikuwa mkwe wake. Alimwonyesha kovu begani. Mvua ilinyesha, chumvi ikavuja, ikaingia kwenye mchubuko wa mzigo."

Aliandika kitu. Kisha akasema, "Nakupa njia mbili. Ufute aya hiyo sasa, nikupe sitini na tano, tumalize. Au uiache kama simulizi isiyothibitishwa, niipeleke kwa kamati ya mitihani, na siwezi kukuahidi lolote."

Sitini na tano. Niliiona Kapsabet, ubao, wasichana wakisimama kunisalimia. Niliuona pia mkataba wa miaka miwili. Niliogopa, sitadanganya.

"Neno rais nitalirekebisha," nilisema. "Yeye abaki."

"Una hakika?"

"Abaki, Daktari."

Alivua miwani. "Wiki hii nimewauliza wanafunzi wanne swali hilo hilo, kila mmoja na aya yake. Wote wamefuta kabla sijamaliza kusema. Mtu hagombanii asichokiandika." Akapangusa lenzi na ncha ya leso. "Hakuna kamati. Ni sitini na tano, kasoro tano za uzembe wa tarehe. Umepita."

Machozi yalinitoka pale pale juu ya ndoo, wala sikuyaficha.

"Sasa, kwenye tanbihi nataka jina lake kamili. Arap Sitienei wako wengi."

"Kipkemboi," nilisema. "Kipkemboi arap Sitienei."

"Nitajie herufi, niandike sawasawa."

Nilikuwa nimefika herufi ya nne wakati mlango ulipoanza kugongwa kwa ngumi. "Chebet! Najua uko humo! Toka!"

"Nani huyo?" aliuliza Dkt. Kwamboka.

"Mkubwa wangu wa kazi."

"Mwambie asubiri. Bado naandika."

Nikamwambia.