Miezi Minne ya Tyubu Ileile

Nilikuwa nimemshika Tharsisi kidevu ili nimtie dawa ya jicho, kidole changu kikagusa uvimbe chini ya taya. Nilipeleka mkono kwapani. Kulikuwa na mwingine.

"Sista, kuna nini?" aliuliza Odilia, mkewe.

Ilikuwa Machi 2013, Kibondo. Nilikuwa nesi wa macho, mwaka wa pili tangu nitoke Tanga. Tangu Novemba mkulima huyo wa Murungu alikuwa akija na kinyama cha rangi ya waridi ndani ya kope ya chini. Hakikumuuma wala kumwasha. Mimi niliandika mzio wa vumbi, nikampa tyubu ileile kila mara.

Nilimpeleka hospitali ya Kasulu. Daktari alikata kipande, kikatumwa Mwanza. Majibu yalikuja baada ya wiki tano: saratani ya mitoki, zile tezi za shingoni na kwapani. Ultrasound ikaonyesha imeshafika tumboni.

Tharsisi alinisikiliza kofia ikiwa magotini. "Basi ling'oeni jicho. Nina maharage shambani."

"Haiko jichoni tu, baba. Imeshatembea mwilini. Dawa ya kuifuata huko iko Mwanza. Dripu kila wiki tatu, mara sita."

"Siendi. Jirani yangu alikwenda, akarudi kwenye sanduku."

Kadi yake ilikuwa mezani, imejaa mwandiko wangu. Ningeweza kuifunika. Sijui hata sasa kwa nini niliisukuma mbele yake.

"Ulipaswa kwenda Kasulu tangu Desemba," nilisema. "Mimi ndiye niliyekuchelewesha. Nakuomba uende."

Odilia alimwambia neno kwa Kiha, polepole, ambalo sikulielewa. Tharsisi akavaa kofia.

Baada ya dripu ya pili huko Mwanza kinyama kiliyeyuka. Nilishangilia mapema mno. Baada ya nne damu ilimpungukia, akalazwa wiki mbili. Odilia alinipigia simu, nikasikia pumzi zake tu. Lakini Tharsisi alimaliza zote sita, na mwezi wa kumi akarudi Murungu, kipara, kucha nyeusi, akiwa hai.

Mpaka nahama mwaka 2015, alikuwa akija kupimwa kila miezi mitatu, na kila mara aliomba apimwe na mwenzangu. Sikumlaumu. Nilisimama chumba cha pili, nikisikiliza, mpaka mwenzangu aseme hakuna kitu. Ndipo nilipomwita mgonjwa anayefuata.