Kuanzia Mwezi wa Sita

Kopo nililinunua mimi mwenyewe, tena kwa roho safi, na nusura linivunjie nyumba. Lilikuwa na picha ya mtoto mnene anayecheka na maandishi ya lugha ambayo kwetu hakuna anayejua hata salamu yake. Aliyeliingiza nchini alituhurumia kidogo, akabandika stika ya Kiswahili ubavuni: CHAKULA CHA KUACHISHA ZIWA. KUANZIA MWEZI WA 6. Juu ya kichwa cha yule mtoto mnene palikuwa na sita nyingine, imeandikwa ndani ya duara. Mimi ni fundi wa friji. Sita ndani ya duara sikuiuliza mara mbili: nikalitia kopo kwenye friji, nikarekebisha ubaridi uwe nyuzi sita, nikafunga mlango. Siku hiyo nilijiona baba wa kupigiwa mfano.

Mke wangu ni dobi. Anafanya kazi kwenye duka la kufulia nguo, na kutwa nzima anageuza kola za watu kutafuta lebo: hii isitiwe maji ya moto, hii isipigwe pasi, hii isikamuliwe. Mwenzake mmoja aliwahi kupuuza lebo ya koti la sufu la mteja, na koti likatoka mashineni likiwa saizi ya mtoto wa chekechea. Tangu hapo mke wangu hana mchezo na lebo. Ikisema, imesema. Alilitoa kopo kwenye friji, akasoma stika polepole huku midomo ikimcheza, akalirudisha alikolikuta.

"Mwezi wa sita bado," akasema, na nikaona uso wake umelegea kama mtu aliyeambiwa mtihani umeahirishwa.

Nafuu ya nini, sikuelewa, wala sikuuliza. Mtoto wetu, ambaye tumembatiza Meneja kwa sababu akitoa sauti wote tunasimama, alizaliwa mwanzoni mwa mwezi wa tisa. Wakati huo tulikuwa mwezi wa tatu, na mwezi wa sita, kwa mtu yeyote mwenye kalenda ukutani, ulikuwa mbali. Isitoshe, nesi wa kliniki alishamwambia mke wangu maneno hayo hayo kwa kinywa chake: maziwa ya mama peke yake, chakula mwezi wa sita. Nesi kasema, stika imesema. Mimi ni nani nibishe?

Aliyebisha ni mama mkwe. Alikuja kukaa nasi mke wangu aliporudi kazini, na mchana kutwa ndiye anayembeba Meneja, anayemwogesha, anayemnywesha kwa kikombe maziwa ambayo mama yake ameyakamua asubuhi kabla ya kutoka. Naye alikuwa na usomaji wake wa ile stika. Alivaa miwani, akalisogeza kopo karibu na dirisha, akalisogeza mbali, kisha akaniita.

"Baba, hiki kitu umekinunua lini?"

"Juzi tu, mama."

"Hapa wameandika kimeanza mwezi wa sita. Leo mwezi wa tatu. Mwezi wa sita wa mwaka jana huo. Umemletea mtoto chakula kilichochacha."

"Nadhani, mama, maana yake ni tuanze kumpa mwezi wa sita huu unaokuja."

"Kopo litajuaje wewe utakuja kulinunua lini?"

Swali lilikuwa la maana kabisa, na mama mkwe si mtu wa kubishana naye jikoni. Nikasema, "Ni kweli, mama," nikaenda zangu kazini, na njia nzima nikawa najiuliza swali hilo hilo. Kopo litajuaje? Kwani watoto wote wa nchi hii wanaanza kula siku moja, kama shule inavyofunguliwa? Nilikaribia sana kuupata ukweli asubuhi ile. Halafu mteja akanipigia simu kwamba friji yake inavuja, ukaniponyoka.

Meneja, kwa upande wake, alikuwa hasomi kitu. Yeye alikuwa analia tu. Ananyonya, anamaliza, anatazama huku na huku, anaanza tena kulia. Nikila, macho yake yanafuata mkono wangu kutoka sahanini mpaka mdomoni, na mdomo wake unafunguka pamoja na wangu. Siku moja alikuwa mapajani mwangu, akakamata kipande cha mkate nilichokuwa nimeshika, akakivuta kwa nguvu ambazo sikujua anazo. Nikamnyang'anya. Niliona haya kumnyang'anya mwanangu mkate, lakini mwezi ulikuwa wa tatu unaishia, ningefanyaje?

"Mtoto ana njaa huyu," mama mkwe akawa anasema kila siku, hasemi na mtu, anasema na sufuria.

Mwishowe akachoka kusema na sufuria, akaitumia. Mke wangu alirudi jioni akakuta uji laini umepoa kwenye bakuli dogo na Meneja amekalishwa mbele yake, amefungwa kitambaa shingoni kama bwana mkubwa hotelini. Mke wangu hata viatu hakuvua. Alilichukua bakuli akaliweka juu ya kabati.

"Mama, kwani kopo limeandikwaje?"

"Achana na kopo, mwanangu. Huu ni uji."

"Limeandikwa kuachisha ziwa. Mimi simwachishi."

"Nani amekwambia umwachishe? Mimi nimesema ale."

"Ni kitu kimoja, mama. Kimeandikwa."

Wakageuka wote wawili wakanitazama, kana kwamba mimi ndiye niliyeiandika ile stika. Niliangalia kopo, nikaangalia uji, nikamwangalia Meneja ambaye alikuwa anaangalia kabati. Nikasema friji inatoa sauti nisiyoielewa, nikaenda kuinama nyuma yake. Friji ilikuwa nzima kabisa.

Mke wangu alinifuata huko huko nyuma ya friji, amempakata mtoto, ananyonyesha amesimama.

"Wewe unaniona mjinga," akasema.

"Hapana."

"Mchana wote ni wa mama. Akicheka mara ya kwanza, mama ndiye anaona. Akijigeuza, mama. Mimi nasimuliwa. Nikirudi jioni akaninyonya, ndipo anajua mimi ni nani. Nikimwachisha ziwa, nitakuwa nani hapa ndani? Nitakuwa yule dada anayekuja jioni ananuka sabuni."

Moyo uliniuma, kwa sababu wala sikuwahi kuliwaza. Mimi nilidhani tunagombania kopo. Nilitaka kumwambia neno la kumfariji, na nililolipata lilikuwa hili: "Basi tusubiri mwezi wa sita." Akatikisa kichwa kukubali, na machozi yakamdondoka juu ya kichwa cha Meneja. Nikasimama pale na bisibisi yangu mkononi kama mgeni.

Mwezi wa nne ulipoanza tukaenda kliniki pamoja. Nesi alimtundika Meneja kwenye mzani, akasoma, akamshusha, akamtundika tena. Kisha akaitazama kadi.

"Uzito umesimama. Anakula nini huyu?"

"Ananyonya," mke wangu akasema.

"Na chakula?"

"Chakula bado. Si ulisema mwezi wa sita?"

"Ndiyo. Mwezi wa sita si ulishapita?"

Mke wangu akanitazama. Nami nikatazama kalenda iliyokuwa ukutani nyuma ya nesi, nikihofia kwamba nimelala nikapitwa na jambo.

"Wa mwaka jana?" nikauliza.

"Wa mwaka jana kivipi, baba? Mtoto alizaliwa mwezi wa tisa."

"Ndiyo. Ndiyo maana tunasubiri wa mwaka huu."

"Mnasubiri nini? Huyu yuko mwezi wa nane sasa."

"Hapana, dada," mke wangu akasema taratibu, kama anayemwelekeza mgonjwa. "Mwezi wa nane atakuwa anakaribia kutimiza mwaka. Leo ni mwezi wa nne."

"Mwezi wa nne ni leo. Yeye yuko mwezi wa nane."

"Yeye na leo hawako mwezi mmoja?" nikauliza.

Nesi akaweka kalamu chini. Akaangalia kadi, akaangalia kalenda, akatuangalia sisi, na nikamwona jinsi jambo lilivyomwingia, kwa sababu alijishika shavu.

"Kwani mimi nilikwambiaje siku ile? Neno kwa neno."

"Ulisema, mwezi wa sita ndiyo umwanzishie chakula."

Aliinuka, akafungua mlango wa kwenye benchi walikokuwa wamekaa kina mama wengine. "Jamani, nyinyi mtawaanzishia watoto chakula lini?"

"Mwezi wa sita," wakajibu kwa pamoja, kama darasa.

"Wa kalenda au wa mtoto?"

Wakatazamana. Mmoja aliyebeba kichanga ambacho kitovu sijui hata kama kilikuwa kimekauka akasema, "Wa kalenda, siyo?" Nesi akamjibu hapana, tena hapana kubwa, akarudi kuketi. Hasira yote iliyokuwa imeanza kumpanda juu yetu ilikuwa imeisha.

"Miezi sita," akasema. "Ya umri wake. Akitimiza miezi sita tangu kuzaliwa. Nitaacha kabisa kusema mwezi wa."

Nikatoa kopo mfukoni mwa koti langu la kazi, maana nilikuwa nimelibeba kama shahidi. Nesi akasoma stika, akasonya.

"Na hii sita ya kwenye duara?" nikauliza.

"Ni hiyo hiyo. Umri."

"Siyo nyuzi za baridi?"

Alinitazama kwa muda kidogo, kisha akaamua kumgeukia mke wangu. Nilimshukuru kwa hilo.

"Na kuachisha?" mke wangu akauliza. "Nimwachishe leo?"

"Umwachishe nini?"

"Ziwa."

"Usimwachishe. Aliyeandika hapa ameandika vibaya. Hiki ni chakula cha kuongezea. Unaongeza, huondoi kitu. Mnyonyeshe mpaka miaka miwili, na hata zaidi ukitaka. Leo mpe uji laini, vijiko vichache, kesho zaidi kidogo. Anyonye, na ale."

Mke wangu alimwomba arudie. Nesi akarudia. Akamwomba arudie tena, na nesi, Mungu ambariki, akarudia vilevile, hakubadilisha hata neno.

Nyumbani mama mkwe hakuuliza wamesemaje. Alitutazama nyuso, akaenda kubandika sufuria. Sitakaa nimsahau kwa hilo, maana alikuwa na haki ya kutusema mpaka jioni na hakusema neno.

Mke wangu alimlisha mwenyewe. Kijiko cha kwanza Meneja alikitema nusu, akakunja uso, akafikiri. Cha pili akakimeza. Cha tatu alikifuata kabla hakijafika, ameshika mkono wa mama yake kwa mikono yote miwili, na tangu hapo haikuwa kulisha tena, ilikuwa kunyang'anywa. Alipomaliza akagonga meza, akacheka. Sikuwa nimemsikia akicheka hivyo wiki nyingi. Nilikuwa nimeanza kudhani ndiyo tabia yake kulia.

"Alikuwa na njaa," mke wangu akasema. "Mama, mtoto alikuwa na njaa tu. Ananililia kila siku ana njaa, na mimi namsomea kopo."

"Mfute mdomo," mama mkwe akasema. "Na wewe jifute. Usimlilie mtoto kwenye sahani."

Alimfuta. Kisha akamwinua amkabidhi mama mkwe, kwa namna ya mtu anayerudisha kitu alichoazimwa, uso ameupeleka pembeni. Meneja hakwenda. Alijipinda, akamrudia kifuani, akaanza kuvutavuta vifungo vya blauzi na kugugumia kama mzee aliyekosa funguo zake.

Mimi na mdomo wangu nikasema, "Huyu si ameshiba? Sasa anataka kula nini tena?"

Mke wangu alishafungua blauzi. Meneja alilishika ziwa, hata hanyonyi vizuri, amelishikilia tu, jicho moja linamwangalia mama yake.

"Hajaja kula," mke wangu akasema. "Amekuja kwangu."

Mama mkwe akachukua sahani, akaenda kuiosha.