Doa na Maelezo Yake

Mama yangu hampakati mtoto mchanga. Tangu nijifungue, huja kwangu kila asubuhi, akafua nepi, akapika, akadeki mpaka chini ya kitanda, halafu akasimama mlangoni mwa chumba kumtazama mwanangu kwa mbali. Nikimwambia, mama, mshike basi nioge, anajipangusa viganja kwenye gauni na kusema mikono yake ina maji. Mtoto kaanza kukaza shingo, mikono ya bibi yake haijakauka.

Sababu tunaijua sote, ila nyumbani haitajwi. Bibi yangu, mama yake mama, alikufa kwa kumzaa yeye. Ndivyo alivyoambiwa na shangazi yake aliyemlea, na shangazi huyo, Mungu amrehemu, hakuwa mtu wa kuzungusha maneno: alimpachika jina la Mgeni Ghali, maana kufika kwake kuliigharimu nyumba. Nilipokuwa mdogo nilidhani ni jina la sifa. Nilipokua nikaelewa, nikapandwa na hasira ambayo haijashuka mpaka leo. Hata mimi, mama alininyonyesha akiwa amelala ubavu, shangazi ndiye wa kuniweka na kuniondoa, ili mikono yenye mkosi isiniguse. Halafu watu wanauliza mimi mdomo huu mkali nimeutoa wapi.

Asubuhi moja niliingia kuoga, mtoto akaanza kulia. Alilia mpaka sauti ikamkauka. Nikatoka mbio, povu sikioni, nikamkuta mama kasimama palepale mlangoni, mikono kaificha mgongoni, machozi yanamtiririka.

"Nimeshindwa, mwanangu," alisema. "Najua nilichomfanya wa kwanza aliyenishika."

Sikumgombeza. Ningemgombeza vipi? Nilimfunga mtoto kifuani, nikavaa viatu, nikaenda kwenye jengo la kumbukumbu za vizazi na vifo. Nilitaka kuiona siku ile kwa macho yangu. Nilitaka kujua kama palikuwa na mkunga, kama palikuwa na daktari, kama yupo mwingine wa kushitakiwa. Haiwezekani mtu akabebeshwa kesi kabla hajaota hata jino.

Mtunza kumbukumbu nilimbatiza Bwana Chafya. Kila alipofungua daftari alipiga chafya, na samahani aliliomba daftari, si mimi. Aliniketisha kwenye ukumbi wenye madirisha ya juu, vioo vimepakwa chokaa, hivyo mwanga ulikuja mweupe na mpole na hukujua kama ni asubuhi au alasiri. Sikuwa nimelala vizuri tangu nijifungue. Kila kitu kilinifikia taratibu, kama sauti za jirani mtu akiwa na homa.

Nilisoma. Mwandiko ulikuwa wa karani mmoja, mwembamba, umeinama kidogo kama anayepita chini ya kamba ya nguo. Seremala kaandikisha mapacha. Mjane kaandikisha mtoto ambaye baba yake hakumsubiri. Pembeni mwa kurasa palikuwa na maneno madogo, na Bwana Chafya akanieleza kwamba enzi hizo karani alilazimika kueleza kila doa lililoingia daftarini na kutia sahihi, asije akadhaniwa kafuta kitu. Nikayafuata hayo madoa. *Doa: chai yangu. Doa: paa linavuja. Doa: chai yangu tena.* Nikasinzia nikicheka, na usingizini yule seremala akaja na mapacha wake, mmoja kila bega, akaniuliza kama paa lilishatengenezwa. Nikamwambia bado. Akasikitika kwa dhati. Nilipozinduka mwanangu alikuwa amelala kifuani, na juu ya ukurasa kulikuwa na tone la mate yangu. Nikalipangusa haraka kabla Bwana Chafya hajaniletea kalamu.

Nilianza na vifo. Nikatafuta mwezi aliozaliwa mama: bibi hayumo. Mwezi uliofuata, hayumo. Nikapekua mpaka mwaka ukaisha. Nilimkuta mwaka wa pili, msimu wa mvua. Jina lake, mtaa wao, mtoa taarifa mumewe. Sababu ya kifo: homa.

Nikasema karani kakosea. Au huyu ni mwingine, majina hufanana. Bwana Chafya akanishauri nitazame vizazi, akaniletea daftari lenyewe, akapiga chafya, akaliomba radhi.

Mama alikuwepo. Mtoto wa kike, mzima. Kaandikishwa akiwa na miezi mitatu, kwa kuchelewa. Mtoa taarifa: mama mzazi, amefika mwenyewe. Chini yake alama ya dole gumba, mistari yake imetulia, ya mtu asiye na haraka. Na kando ya dole gumba hilo doa, kubwa, la ovyo, lenye ncha kama vidole. Pembeni, ule mwandiko ulioinama:

*Doa: mtoto huyu, akiwa amepakatwa na mama yake, kaingiza mkono kwenye wino. Nilimkanya mama. Mama kacheka.*

Nililia, sioni haya kusema. Nililia mpaka Bwana Chafya akaja kulisogeza daftari, doa jingine lisije likaingia.

Nyumbani nilimweleza mama yote. Hakuniamini. Aliendelea kukunja nepi, akasema mimi kwa mdomo huu naweza hata kumtungia mtu mama. Kesho yake nikamtoa kwa nguvu. Alivaa gauni lake la kutokea, akachana nywele.

Ukumbi ulikuwa na mwanga uleule. Nikamwonyesha mstari. Akavaa miwani, akaweka kidole chini ya neno la kwanza, akakisogeza polepole kama tulivyofundishwa shule. Alipofika mwisho akarudi mwanzo. Nje kulikuwa na mtu anafagia, tukasikia ufagio mpaka ukanyamaza.

"Mama kacheka," akasoma kwa sauti. Akainua uso. "Alikuwa anacheka?"

"Imeandikwa, mama. Karani alikuwa mkali, asingemwandikia kicheko ambacho hakukisikia."

Akaniuliza alikufa lini. Nikamwambia, mwaka wa pili, wakati wa mvua, homa. Akahesabu kimya kimya, midomo inacheza.

"Basi nilikuwa natambaa," akasema.

Nikaanza kumtukana shangazi, na nilikuwa na mengi ya kumtukana. Mama akanizuia. Akasema shangazi aliachiwa kitoto na kaka anayelia, na mtu mwenye uchungu hushika sababu iliyo karibu. Mimi siwezi kusamehe kwa kasi hiyo, lakini niliufunga mdomo. Alikuwa ameweka kiganja chake juu ya lile doa, bila kuligusa, akikipimia tu kwa juu, kiganja cha mtu mzima juu ya kile cha miezi mitatu. Alikaa hivyo muda mrefu. Nilihisi kama tuko wanne pale mezani, na sikutaka kugeuka kuhakikisha.

Mwanangu akaanza kuguna kifuani pangu. Mama akajipangusa mikono kwenye gauni, mazoea yake. Halafu akaitazama, upande huu, upande huu.

"Imekauka," akasema. "Nipe."

Alimshika vibaya, jamani, kama mtu aliyekabidhiwa mzigo usio wake, kichwa kinayumba. Nikamrekebisha kiwiko. Mtoto akamkodolea macho, akaona kuna daftari, akalirushia mkono. Bwana Chafya akainuka kitini na kumkanya mama kwamba karatasi hizo ni za zamani, mtoto asiziguse.

Mama akacheka.