Kiganja cha Mama Natacha

Saa mbili na nusu asubuhi, kabla ya chai, Ilyasi alibana kipande cha alumini na kipande cha chuma kwenye jiriwa, akavaa glavu, akaita, "Mama Natacha, njoo." Joselyne akaegemeza ufagio ukutani, akaja, akalaza kiganja chake upande wa pili wa maungio.

"Mtoto iko na miaka ngapi sasa?"

"Kumi na sita."

"Ulimwacha na ngapi?"

"Sita."

Baridi ikatoka kiganjani. Ukungu mweupe ukatanda juu ya chuma mpaka kwenye jiriwa, na Ilyasi akateremsha miwani yake myeusi na kuwasha moto.

Kila fundi wa Muhima, hapa Kigali, anajua kwamba alumini na chuma havioani. Alumini inayeyuka chuma bado hakijatoka hata jasho, na ukivilazimisha, vinaachana kwenye shimo la kwanza barabarani. Lakini gari la mashindano linavitaka vyote viwili, alumini kwa wepesi, chuma kwa pale panapobeba uzito. Dawa yake ni moto mkali huku na baridi kali kule, na katika garaji la Achille baridi ilitoka kwa mfagizi. Joselyne alikuwa nayo tangu alipokimbia Bujumbura akamwacha binti kwa bibi yake, wiki mbili tu, alivyodhani. Kisha bibi akafa, namba ya simu ikafa naye, na mpaka ukafungwa. Béatha wa duka la maziwa humletea chupa zake azipoze kila umeme unapokatika.

Siku moja Béatha alimsimulia kisa cha mbuzi aliyeingia kanisani, Joselyne akacheka mpaka akashika mbavu, na kiganja kikapata joto. Mkono wa gurudumu uliochomelewa siku hiyo ulikatika kwenye kona ya kwanza, na Achille, ambaye huendesha mwenyewe, akatambaa kutoka garini na jino pungufu. Akapiga marufuku redio. Yeye ndiye aliyebuni yale maswali ya umri. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, wahenga walisema. Achille hana mtoto, ila matumizi yake aliyajua vizuri sana.

Alhamisi, siku tatu kabla ya mashindano, Joselyne akiwa ametumwa sukari, binti mmoja alisimama getini na begi mgongoni. Ilyasi alikiona kidevu, kile kile cha Joselyne, akajua.

"Shikamoo, mzee. Nimezungukia Tanzania. Namtafuta mama yangu, Joselyne."

Wallahi, Ilyasi alifurahi. Alikuwa ameshafungua mdomo amwambie aketi, Achille akamvuta pembeni.

"Mkono wa gurudumu ya kushoto hatujasudira bado," alisema Achille. "Akimuona leo, kiganja itakuwa ya moto. Unataka nikufe? Mwambie mama yake alihamia mtaa wa Remera. Jumatatu utamfuata."

Ilyasi ana watoto wanne na riziki yake iko kwa Achille. Alimpa binti maji, akampa nauli, akamwelekeza nyuma ya uwanja wa mpira. Natacha alishukuru kwa mikono miwili. Mama yake alirudi na sukari muda mfupi baadaye, na mkono wa kushoto ukachomelewa ukatulia.

Jumapili Achille alishinda.

Jumatatu Ilyasi alizunguka Remera nzima. Kankindi, muuza vitenge, alimkumbuka binti huyo. Binti aliuliza duka kwa duka siku tatu, mtu akamwambia kuna Joselyne mmoja wa Burundi aliyehamia Kampala, naye akapanda basi alfajiri ya Jumatatu hiyo hiyo.

Ilyasi alirudi akamweleza Joselyne yote, mbele ya mafundi wote, bila kujipunguzia. Alitaka atukanwe. Hata spana ya kichwa angeipokea.

"Ulimpa maji?" akauliza Joselyne.

"Nilimpa."

"Iko na urefu gani?"

Ilyasi akainua mkono, akausimamisha sawa na bega lake.

Mafuta yaliganda kwenye ndoo. Bomba la uani likapasuka. Achille akatoka ofisini amevaa koti, akaitazama jiriwa iliyofunikwa na barafu, akaleta shaba na kipande cha injini kuukuu, vitu ambavyo hawakuwahi kuthubutu kuviunganisha.

"Umefanya vizuri kumwambia," alimwambia Ilyasi.

Achille alipogeuka, Ilyasi alinong'ona, "Dada, nenda Kampala. Mimi nitakutafutia nauli."

"Na akirudi hapa, atamkuta nani?" Joselyne alisema, akalaza kiganja juu ya shaba.

Yupo hapo hadi leo. Redio imerudishwa, inaimba kutwa, maana sasa haiharibu kitu. Ilyasi haulizi tena umri. Kila asubuhi hubana vyuma vyake viwili, humwita, huinua mkono mpaka usawa wa bega, kisha huteremsha miwani na kuwasha moto.